Johann Nepomuk Hofzinser

Johann Nepomuk Hofzinser (Vienna, 19 Juni 1806 – Vienna, 11 Machi 1875) alikuwa mwanamazingaombwe wa Austria aliyebobea katika mazingaombwe ya karata. Anajulikana hasa kwa kubuni karata za pekee na vifaa vipya vya kuchezea karata. Anakumbukwa pia kwa sababu aliagiza maandishi yake yateketezwe baada ya kifo chake, jambo ambalo lilikaribia kuufuta ufundi wake wote.

Maisha

Hofzinser alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Dola la Austria. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya fedha. Mazingaombwe aliyafanya nje ya saa za kazi, naye hakuyategemea kwa riziki.

Katika miaka ya 1850 alianza kuonyesha ufundi wake sebuleni mbele ya wageni wachache, wengi wao wakiwa watu wa tabaka la juu la Vienna. Maonyesho hayo aliyaita Saa Moja ya Kiinimacho. Mke wake, Wilhelmine, alishiriki katika kazi hiyo. Baada ya kustaafu, Hofzinser alisafiri na kuonyesha katika miji mingine pia.

Mtindo wake

Wanamazingaombwe wengi wa wakati huo walitegemea kumbi kubwa na vyombo vingi. Ludwig Döbler (1801–1864), aliyekuwa maarufu sana Vienna, aliwashangaza watazamaji kwa kuwasha mishumaa mingi kwa mlio mmoja wa bastola. Hofzinser alishika njia nyingine. Wageni wake waliketi karibu naye, wakamwona mikono, nao wenyewe wakachagua karata. Kwake karata zilikuwa kama ushairi wa mazingaombwe, kwa hiyo kila onyesho alilifungamanisha na hadithi fupi, mara nyingi ya mapenzi au ya mzaha wa kiungwana.

Kwa kuwa watazamaji walikuwa karibu, kifaa chochote kilichoonekana cha ajabu kingezua shaka. Hivyo vifaa vyake vingi vilifanana na vitu vya kawaida.

Karata na vifaa vya pekee

Karata ya kuchezea hutengenezwa kwa tabaka za karatasi zilizogandishwa pamoja. Tabaka hizo zikitenganishwa kwa uangalifu, sura za karata mbili zinaweza kuunganishwa kuwa karata moja. Hofzinser alitumia njia za namna hiyo kupata karata ambazo hazikupatikana dukani. Nyingine zilikuwa na sura pande zote mbili badala ya kuwa na mgongo. Nyingine zilikuwa na karata moja katika nusu ya juu na karata tofauti katika nusu ya chini. Nusu moja ikifunikwa kwa kidole au kwa karata nyingine, mtazamaji huona karata ya kawaida. Mkono ukisogea kidogo, karata huonekana imegeuka.

Kifaa chake kingine maarufu ni nyota ya karata. Wageni walichagua karata na kuzirudisha, kisha zikachanganywa. Baadaye karata zilizochaguliwa zilitokea kwenye ncha za nyota, kila moja kwenye ncha yake.

Hata hivyo, Hofzinser hakuacha vifaa vifanye kazi peke yake. Karata ya pekee ilihitaji kuingizwa na kuondolewa bila kuonekana, na hapo ndipo ufundi wa mikono ulipohitajika. Mbinu ya kutandaza karata mbele ya mtazamaji huku karata moja ikihamishwa kwa siri chini ya nyingine inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Jina lake limebaki pia katika fumbo la ree nne. Mtazamaji huchagua karata, kwa mfano saba ya kopa, na kuirudisha katikati ya nyingine. Ree nne huwekwa pembeni. Mtazamaji akitaja kwamba karata yake ni ya kopa, ree ya kopa huonekana imejigeuza kati ya ree tatu nyingine. Ikifunuliwa, si ree tena bali ni ile saba iliyochaguliwa. Wanamazingaombwe wa karne ya 20 walibuni njia nyingi za kulitatua fumbo hilo.

Kifo na maandishi yake

Hofzinser alifariki tarehe 11 Machi 1875. Alikuwa ameagiza maandishi yake yateketezwe, na mjane wake alitimiza agizo hilo. Kilichosalia kilikuwa kumbukumbu za wanafunzi wake, barua na baadhi ya vifaa vyake.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwa Georg Heubeck, ambaye alihifadhi mengi aliyofundishwa. Kutoka kwake elimu hiyo ilimfikia Ottokar Fischer (1873–1940), mwanamazingaombwe wa Vienna aliyekuwa mtoto mchanga wakati Hofzinser alipofariki. Fischer alikusanya mabaki hayo na mwaka 1910 alitoa kitabu kwa Kijerumani kuhusu mazingaombwe ya karata ya Hofzinser. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1931, na kwa njia hiyo kazi yake ilienea nje ya nchi zinazotumia Kijerumani.

Urithi

Hofzinser anahesabiwa kati ya waanzilishi wa mazingaombwe ya karata ya kisasa. Karata zenye sura mbili na karata za nusu kwa nusu sasa hutengenezwa viwandani na kuuzwa katika maduka ya vifaa vya mazingaombwe. Siri alizotaka zipotee naye zinafundishwa kwa wanaoanza, na zimewafikia kwa sababu wanafunzi wake hawakuzisahau.