Mfahamu Msimamizi Wetu: Mwenye Heri Irene Stefani, Nyaatha



Wapendwa wanakwaya na waamini, jina la Mwenye Heri Irene tunalitaja kila tunapofunga mazoezi kwa sala. Wengi wetu tumelizoea mno hata hatuulizi alikuwa nani. Katika jubilei hii tumeona vyema tusimulie maisha yake, ili watoto wetu wamjue na sisi wakubwa tujikumbushe.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, Brescia, kaskazini mwa Italia, akaitwa Mercede. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Alipokuwa na miaka 16 hivi mama yao alifariki, naye akasaidia kuwalea wadogo zake. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata mjini Torino, shirika changa lililoanzishwa na Mtakatifu Giuseppe Allamano. Huko alipewa jina la Irene. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli. Januari 1915 alitua Mombasa, kisha akapanda hadi Nyeri, akaanza kujifunza Kikuyu.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika kwetu. Maelfu ya vijana wa Kiafrika walichukuliwa kuwabebea wanajeshi mizigo. Ndio wale Carrier Corps ambao jina lao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi waliangamizwa na njaa, kuhara na homa kuliko risasi. Kuanzia 1916 Sista Irene aliwauguza Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Alisafisha vidonda, akawalisha wasioweza kuinua mkono, akawafundisha sala na kuwabatiza waliotaka kabla hawajakata roho. Husimuliwa kwamba huko Kilwa mgonjwa mmoja alidhaniwa amekufa, akapelekwa ufuoni pamoja na maiti. Sista alimfuata huko, akamtafuta kati ya maiti hadi akampata akiwa bado anapumua.

Vita vilipokwisha alirudi Nyeri, na kuanzia 1920 akatumwa Gikondi, upande wa Mukurweini. Alikaa huko miaka 10, akiwa mwalimu wa shule na wa katekisimu, na pia mkuu wa jumuiya ya masista. Wazazi wengi hawakuona faida ya shule. Mtoto alihitajika kuchunga mbuzi au kulea mdogo wake. Kwa hiyo baada ya vipindi Sista alivaa buti zake nzito, akashuka na kupanda vilima, nyumba kwa nyumba, akibembeleza wazazi na kutazama wagonjwa. Wanafunzi wake walipokwenda kutafuta kazi mijini, aliendelea kuwaandikia. Mzazi asiyejua kuandika alimwendea na habari za nyumbani, naye akaziandika. Jibu lilipofika, alimsomea. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Septemba 1930, wakati wa mafungo, aliomba ruhusa ya kumtolea Mungu uhai wake kwa ajili ya misheni. Mwezi uliofuata tauni ilikuwa Gikondi. Mwalimu mmoja wa shule aliugua, na Sista akaenda kumuuguza nyumbani kwake, akijua ugonjwa huo unavyoambukiza. Mwalimu alifariki, na Sista naye akashikwa na ugonjwa uleule. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39.

Mwaka 1989, wakati wa vita vya Msumbiji, makatekista na familia zao walijificha kanisani huko Nipepe. Walimwomba Sista Irene awaombee, na maji kidogo ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Kanisa liliutambua muujiza huo, na tarehe 23 Mei 2015, Nyeri, akatangazwa Mwenye Heri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada kama hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya.

Sasa tujiangalie. Mwaka jana mwenzetu wa sauti ya tatu aliugua miezi miwili. Tulichanga haraka, tukamtumia pesa kwa simu, tukaandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba jambo limeshughulikiwa. Aliporudi alitushukuru, kisha akasema kwa upole kwamba alikuwa akisikia mazoezi yetu kutoka kitandani kwake. Nyumba yake haiko mbali na kanisa. Katika wiki zote hizo tulikuwa na nafasi ya kubishania rangi ya sare za jubilei, lakini hatukupata jioni moja ya kubisha hodi kwake.

Nyaatha hakukumbukwa kwa sauti yake. Alikumbukwa kwa sababu alifika. Ndiyo maana, pamoja na keki na nyimbo za leo, tumekubaliana jambo moja: kuanzia mwezi huu, mwanakwaya akiugua, watatu wetu watamtembelea kabla ya mazoezi yanayofuata. Mchango utakuja baadaye. Zamu zimebandikwa mlangoni pa chumba cha kwaya; kila mmoja atafute jina lake.

Mwenye Heri Irene Stefani, utuombee.