Lumumba: jina lilipata mji kabla mwenyewe hajapata kaburi

Patrice Emery Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 katika kijiji cha Onalua, Sankuru. Alifanya kazi ya posta mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, kabla ya kuingia siasa. Mwaka 1960 akawa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, lakini hakumaliza miezi mitatu madarakani.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwili wake uliyeyushwa kwa tindikali ili pasiwe na kaburi.

Jina halikuyeyuka. Kinshasa, barabara kubwa iendayo uwanja wa ndege wa N'djili inaitwa Lumumba. Dar es Salaam kuna mtaa wa Lumumba, Zanzibar shule, Moscow chuo kikuu. Mwaka 2013, eneo la Onalua likawa mji wa Lumumbaville.

Kilichobaki cha mwili kilikuwa jino, alilolichukua polisi mmoja Mbelgiji. Mwaka 2020 binti yake, Juliana Lumumba, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akilidai. Mwezi wa sita 2022, jeneza lenye jino hilo lilipita Lumumbaville, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30. Familia ilikuwa imengoja miaka 61.