Kocha Aliyebisha Hodi Asifunguliwe

Sisi wa Tunduma tunajua habari ya kusubiri mpakani. Lori linakaa foleni mpaka dereva anafahamiana na mama chapati kwa jina. Labda ndiyo maana maisha ya Knute Rockne yamenikaa kichwani, wakati huu tunapobishana kama timu yetu ya chuo ibaki yenyewe au iwekwe chini ya klabu ya mjini.

Rockne alizaliwa Voss, Norway, mwaka 1888. Akiwa na miaka 5 familia ikahamia Chicago. Hela ya chuo hakuwa nayo, hivyo akafanya kazi posta miaka kadhaa. Alipoingia Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kule Indiana, alikuwa na miaka 22. Umri wangu huu, na mimi ndio namaliza! Akasoma kemia, akabaki pale pale kusaidia maabara na kufundisha timu.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kushika mkononi na kugongana. Mwaka 1918 akawa kocha mkuu.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Wanasimulia kana kwamba Notre Dame ilijitenga kwa kiburi. Si kweli. Vyuo vikubwa vya jirani vilikuwa na ligi yao, Notre Dame ikaomba kuingia zaidi ya mara moja, ikakataliwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kanuni za wachezaji, lakini wanahistoria wengi wanaona pia chuki dhidi ya Wakatoliki. Mwaka 1926 Rockne bado alikuwa anabisha hodi.

Basi akapanda treni na vijana wake. New York kucheza na timu ya jeshi, Los Angeles kucheza na USC, popote penye uwanja mkubwa na viingilio vya kutosha. Wahamiaji Wakatoliki wa mijini, ambao hawajawahi kukanyaga chuo, wakaifanya timu yao. Mwaka 1929 uwanja mpya ukiwa unajengwa, hawakucheza nyumbani hata mechi moja, na walishinda zote 9. Magazeti yaliwaita wazururaji. Mapadre wa chuo hawakulipenda jina hilo, na mimi kama mwalimu mtarajiwa ningewauliza: vipindi vilifidiwa lini?

Alikufa kwa ajali ya ndege Kansas, 31 Machi 1931, akiwa na miaka 43. Aliacha ushindi 105, vipigo 12 na sare 5.

Mwaka 1999 suala la kujiunga na ligi ile ile lilirudi mezani, na safari hii chuo ndicho kilichokataa. Michezo yao mingine mingi sasa iko kwenye ligi ya pamoja, ila timu ya mpira huo bado inajipangia mechi zake.

Kwetu mambo yako kinyume: klabu ndiyo imetuita, na nauli ya mechi za ugenini hatuna. Mimi nitapiga kura tubaki wenyewe, ila kwanza nataka kuona ratiba isiyogongana na mazoezi ya kufundisha.