Doppler na Tarumbeta za Garimoshi

Christian Doppler alizaliwa Salzburg mwaka 1803, mwana wa mwashi. Afya dhaifu ikamnyima nyundo ya babake. Mwaka 1842, akifundisha Prague, alieleza kwamba mwendo wa chanzo hubadili mawimbi yamfikiayo mtu: chanzo kikikaribia, sauti husikika nyembamba zaidi, kikienda zake, nzito. Mholanzi Buys Ballot alitia shaka. Mwaka 1845 akawapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi, na wanamuziki wengine wakatega masikio kando ya reli. Masikio hayo yakamthibitisha Doppler. Walimu wenzangu, mbona hatuwaambii wanafunzi kwamba kuhusu rangi za nyota, zilizomshughulisha hasa, alikosea? Alifariki Venice mwaka 1853, akiugua mapafu, umri miaka 49.