Ernst Abbe na urefu wa siku ya kazi

Wanasayansi wanamjua Ernst Abbe kwa hadubini. Mimi namsoma kwa ajili ya baba yake. Mzee huyo alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi mjini Eisenach, Ujerumani, saa 14 hadi 16 kwa siku. Ernst, aliyezaliwa mwaka 1840, alimpelekea chakula. Baba alikula amesimama kando ya mashine, akamrudishia mtoto chombo, akaendelea. Hata miaka 50 hajafika, alikuwa amekwisha kuzeeka.

Mtoto huyo akawa profesa mjini Jena, kisha mshirika wa Carl Zeiss. Wasosialisti walipodai saa 8, wenye viwanda walihofia hasara. Mwaka 1900 Abbe alipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8, akalinganisha mapato ya wafanyakazi 233 waliolipwa kwa idadi ya vitu walivyotengeneza. Ili pasiwe na hasara, kila saa ilipaswa kuzaa asilimia 12.5 zaidi. Ilizaa kama 16. Ajabu ni kwamba wengi wao hawakuhisi kwamba walikuwa wameongeza mwendo.

Hesabu hiyo inanifurahisha na kunisumbua. Kama ingetoa hasara, je, uchovu wa baba ungekosa wakili? Sidhani: tangu 1896 kanuni za mfuko alioanzisha ziliwapa wafanyakazi likizo ya kulipwa na pensheni. Lakini wabunge hawakuwa watoto wa yule msokotaji. Abbe alifariki mwaka 1905. Ujerumani iliweka saa 8 kisheria mwaka 1918, baada ya vita na mapinduzi.