Allidina Visram: Mfanyabiashara asiyetulia na makarani waliomshikia daftari

Msimbati si ajabu kumkuta kijana anayenunua pweza ufukweni alfajiri, mchana yuko kwenye bodaboda kuelekea Mtwara mjini, na msimu wa korosho ukifika anahamia kwenye korosho. Wazee humwonya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Wengi hufanya hivyo kwa sababu riziki haitoshi. Lakini wapo ambao hawakutulia tangu utotoni, hata walipokuwa na kazi moja ya kuwatosha.

Baadhi yao huenda wana hali ambayo wataalamu wa afya huiita ADHD. Mwenye hali hii hupata shida kukaa na jambo moja kwa muda mrefu, husahau, mwili hautulii, na huamua haraka kabla ya kupima. Si ukaidi, wala si matokeo ya malezi mabaya. Shuleni na kazini humletea taabu. Katika biashara, baadhi yao huona fursa mapema na kuthubutu wakati wengine bado wanasita. Taabu huanza pale mzigo unapotakiwa kuhesabiwa na deni kukumbukwa.

Yupo mtu katika historia ya pwani yetu anayetusaidia kulielewa jambo hili. Jina la ADHD halikuwepo enzi zake, na marehemu hapimwi, kwa hiyo hatusemi kwamba alikuwa nayo. Tunachotazama ni jinsi alivyopanga kazi zake.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, magharibi mwa India. Alifika pwani ya Afrika Mashariki akiwa mtoto wa miaka kama 12, bila mtaji, akafanya kazi Bagamoyo chini ya tajiri Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake lipo hadi leo katika Hospitali ya Muhimbili.

Biashara ya wakati huo ilikuwa ya misafara. Kama Mikindani, jirani na Msimbati, ilivyokuwa na njia yake kwenda Ziwa Nyasa, Bagamoyo ilikuwa na njia ya kwenda Tabora na Ujiji. Vitambaa, shanga na chumvi vilikwenda bara, na pembe za ndovu, asali na nta zikarudi pwani. Mizigo yote ilibebwa na wapagazi, na utajiri wa matajiri wa Bagamoyo ulisimama juu ya mabega yao.

Wafanyabiashara wengi walikaa pwani kusubiri mzigo. Visram alitaka kuufuata. Alifungua matawi kwenye njia ya misafara hadi Tabora na Ujiji, na kila tawi akaliacha mikononi mwa wakala.

Reli ilipoanza

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Visram alihamishia nguvu zake huko, akafungua maduka kando ya njia ya reli. Hakungoja ifike mwisho, kwani kufikia mwaka 1898 alikuwa na duka Kampala, na reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye aliingia kwenye mashamba, vyombo vya kusafirisha mizigo ziwani, pamba, ukamuaji wa mafuta na utengenezaji wa samani.

Mtu mmoja asingeweza kuyabeba hayo yote kichwani. Visram aliajiri makarani na mawakala wengi, wakiwemo vijana waliotoka India kama yeye. Kila duka lilikuwa na mtu wa kukaa, kuuza na kuandika. Wenye maduka madogo walipewa bidhaa kwa mali kauli, wakalipa baada ya kuuza. Yeye alisafiri na kutafuta soko jipya, huku wengine wakilinda lililokwisha kupatikana.

Alipoondoka

Alifariki mwaka 1916 kwa homa, baada ya safari ya Kongo. Hata akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60 hakuwa amekaa. Mwanawe Abdulrasul alirithi biashara, lakini naye alifariki mwaka 1923, na biashara ile kubwa ikaporomoka. Shule ya Allidina Visram mjini Mombasa ndiyo inayolitaja jina lake mpaka sasa.

Maisha yake yana pande mbili. Mbio zake zilizaa matunda kwa sababu nyuma yake walikuwepo watu watulivu wenye daftari. Lakini nyumba yenye matawi mengi ilitegemea mno watu wawili, baba na mwana.

Kwa msikilizaji mwenye genge, mashua au pikipiki, na ambaye akili yake hairidhiki na kazi moja, la kwanza ni kumtafuta mwenzi anayependa hesabu, awe mke, mume, ndugu au rafiki mwaminifu. La pili ni kuandika deni siku hiyo hiyo, hata kwenye simu. La tatu, usianze biashara mpya kabla ya ile ya zamani kuweza kwenda wiki nzima bila wewe.

Na ikiwa mwanao anahangaika hivi darasani, viboko havitamtuliza. Mpeleke kituo cha afya, ueleze unachokiona, na uulize wapi atapimwa.