Sir Northrup McMillan na Kilatini cha Hati za Ardhi

William Northrup McMillan alizaliwa mwaka 1872 mjini St. Louis, Marekani, katika familia iliyotajirika kwa kiwanda cha mabehewa ya reli. Alikuwa pande la mtu, na mpenda uwindaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika Afrika Mashariki kuwinda, akavutiwa na nyanda za karibu na Ruiru na Thika zinazoteremkia mto Athi. Hapo akajipatia maelfu ya ekari na kujenga makao yake ya Juja. Winston Churchill alikuwa mgeni wake mwaka 1907, naye Theodore Roosevelt akamfuata mwaka 1909.

Hata hivyo, fedha peke yake hazingempa mgeni ardhi hiyo. Kilichompa ni karatasi. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali ya Uingereza walishauri kwamba ardhi iliyohesabiwa kuwa tupu ilikuwa mikononi mwa Ufalme. Fikra hiyo ni jirani ya ile iitwayo kwa Kilatini terra nullius, yaani ardhi isiyo na mwenyewe. Sheria ya mwaka 1902 iliruhusu walowezi kuuziwa ardhi au kuikodi kwa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikarefusha muda huo hadi miaka 999.

Hati za aina hiyo zilifuata mpangilio wa mawakili wa Uingereza, ambao sehemu zake zina majina ya Kilatini. Habendum ni sehemu inayoeleza mwenye hati atashika ardhi kwa haki gani na kwa muda gani. Reddendum ni sehemu inayotaja kodi atakayoilipa. Aliyetaka kuzuia ardhi isiuzwe aliweka caveat, neno lenye maana ya kumtaka mtu ajihadhari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini Wakikuyu wa sehemu hizo hawakukosa daftari. Githaka cha mbari kilikuwa na mipaka iliyojulikana kwa mito na miti, na ushahidi wake ulihifadhiwa vinywani mwa wazee. Daftari hilo halikusomeka mahakamani. Mapema katika miaka ya 1920, katika kesi ya Isaka Wainaina, Mahakama Kuu iliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu juu ya ardhi yao, kwa hiari ya Ufalme. Mlowezi alikuwa na habendum ya miaka; mwenyeji hakuhakikishiwa hata siku moja.

McMillan alipigana upande wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, akatunukiwa cheo cha Sir, na akawa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Alifariki mwaka 1925 akiwa mbali na Kenya, akarejeshwa kuzikwa Ol Donyo Sabuk, mlima uitwao pia Kilimambogo, upande wa mashariki wa Thika. Inasimuliwa kwamba azma ilikuwa azikwe kileleni, lakini msafara ukashindwa na mwinuko, naye akalazwa ubavuni mwa mlima. Mwaka 1931 maktaba yenye jina lake ilifunguliwa Nairobi kwa juhudi za mkewe, Lucie. Kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kuingia humo.

Katiba ya mwaka 2010 iliwawekea wasio raia kikomo cha miaka 99, na hivyo kuifuta ile ahadi ya miaka 999. Mwaka 2012 sheria za ardhi za kikoloni zilibatilishwa. Katiba hiyo hiyo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali hati za ardhi bado huandikwa kwa Kiingereza. Maisha ya McMillan yanaonyesha gharama ya jambo hilo: anayeshindwa kuisoma lugha ya hati huipoteza ardhi kabla hajajua kwamba imeandikwa. Kazi ya kuvipatia habendum na reddendum visawe ambavyo mkulima wa Ruiru atavielewa ni ya wataalamu wa Kiswahili.